Mume wangu anasema hatari hiyo ni ya Wamarekani weusi, si yetu

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 36, mzaliwa wa Kisauni, Mombasa. Sasa tunaishi Brooklyn Park, Minnesota, na nina mimba ya wiki 18. Mtoto wangu wa kwanza, Rehema, ana miaka 12. Nilimzaa Mombasa kwa njia ya kawaida bila tatizo lolote. Hapa ninahudumia wazee kwenye makao yao, zamu za usiku.

Mwezi uliopita mwenzetu kazini, Mmarekani mweusi, alifariki siku chache baada ya kujifungua. Alikuwa na digrii na bima nzuri. Alirudi hospitali mara mbili akilalamika kichwa na kubanwa kifua, akaambiwa ni uchovu wa uzazi, aende akapumzike. Tangu hapo usingizi umenipaa. Nasoma kwamba wanawake weusi nchi hii hufa kwa sababu za uzazi mara tatu zaidi ya weupe.

Mume wangu anasema hayo ni ya Wamarekani weusi, sisi tuliozaliwa Afrika miili yetu ni tofauti. Mama mkwe anapiga simu kila Ijumaa, anataka nirudi nizalie kwake. Nami kliniki ya juzi presha ilikuwa 138 kwa 88. Nilimwambia muuguzi kwamba jioni kichwa kinaniuma, akasema nipunguze chumvi na ninywe maji. Sikuuliza zaidi. Kiingereza ninacho, lakini mbele ya daktari maneno hunikimbia, na sikulelewa kubishana na wakubwa.

Je, mume wangu yuko sahihi? Nirudi nyumbani? Na nikibaki, nifanye nini hasa ili wanisikilize?

Mama Rehema, Minnesota

*

Marahaba, Mama Rehema. Poleni kwa msiba.

Tuanze na hiyo 138 kwa 88, maana ndiyo yenye la kufanywa wiki hii. Katika mimba, presha huitwa ya juu ikifika 140 kwa 90, kwa hiyo kwa hesabu hujafika. Lakini miezi ya kati ya mimba ndiyo miezi ambayo presha kwa kawaida hushuka kidogo, halafu hupanda tena kuelekea mwisho. Wewe uko kwenye kipindi cha kushuka na tayari umebakiza nukta mbili. Uliza presha yako ilikuwa ngapi ulipoandikishwa kliniki. Kama ilikuwa 110 kwa 70, imepanda sana. Kama ilikuwa 136 kwa 86, huenda una presha ya siku nyingi ambayo hukuijua. Inayovuka mpaka kabla ya wiki 20 huhesabiwa kuwa ilikuwepo kabla ya mimba. Inayoanza baada ya wiki 20, hasa ikija na protini kwenye mkojo, au figo na ini vikianza kusumbuka, ndiyo inayoelekea kifafa cha mimba. Hizo mbili hufuatiliwa kwa namna tofauti, na hapo neno "imepanda kidogo" halimsaidii mtu. Zinazosaidia ni tarakimu na tarehe.

Chumvi na maji havizuii kifafa cha mimba. Kinachopunguza uwezekano wake ni aspirini ya dozi ndogo, miligramu 81 kila siku, inayoanzwa kati ya wiki 12 na 28, na vizuri zaidi kabla ya wiki 16, hadi kujifungua. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2021 unasema mjamzito mwenye vigezo viwili vya hatari ya wastani aandikiwe. Wewe una vitatu: umevuka miaka 35, zaidi ya miaka 10 imepita tangu mimba iliyotangulia, na wewe ni mweusi. (Hicho cha tatu kimewekwa, na mwongozo wenyewe unaeleza, kwa sababu ya ubaguzi na mazingira anayoishi mtu, si kwa sababu ya damu yake.) Una wiki 18, bado dirisha liko wazi. Piga simu kliniki kesho, usingoje miadi. Dawa hii inauzwa dukani bila cheti, lakini usijianzishie: kama una vidonda vya tumbo, pumu au mzio wa aspirini, daktari lazima ajue kwanza.

Pili, tafuta mashine ya presha ya kufunga mkono wa juu. Ile ya kifundo cha mkono iache. Uliza kliniki kama bima yako inailipia. Kabla ya kununua, pima mzingo wa mkono kwa utepe wa fundi cherehani, katikati ya bega na kiwiko, ulinganishe na namba zilizoandikwa kwenye kitambaa cha mashine. Kikibana mno kitaonyesha presha kubwa kuliko ilivyo. Kikipwaya kitakudanganya kwamba uko salama, na huo ndio uongo mbaya zaidi. Nenda haja ndogo kwanza. Kaa dakika 5 umeegemea, nyayo zote mbili sakafuni, miguu usiipishanishe, mkono juu ya meza usawa wa moyo, kitambaa juu ya ngozi si juu ya nguo, na usizungumze. Pima mara mbili, ukiacha dakika moja katikati. Fanya hivyo asubuhi na jioni, na kwa kuwa unakesha kazini, andika kama umepima kabla au baada ya kulala. Mashine yenyewe ipeleke kliniki siku moja ilinganishwe na yao.

Ukipata 140 kwa 90 au zaidi, piga simu siku hiyohiyo. Ukipata 160 kwa 110, ingawa namba moja tu kati ya hizo mbili ndiyo imefika, tulia dakika 15, rudia, na ikibaki hapo nenda hospitali mara moja, saa yoyote ya usiku. Presha ya kiwango hicho inatakiwa ipewe dawa ndani ya dakika 30 hadi 60, kwa sababu mishipa ya ubongo inaweza kupasuka. Ikumbuke hiyo saa moja, itakufaa hapo mbele.

Sasa mume wako. Mweleze kwamba amepata nusu. Mwaka 1997 ulichapishwa utafiti wa Illinois uliolinganisha uzito wa watoto wachanga. Watoto wa mama weupe waliozaliwa Marekani walikuwa na wastani wa gramu 3,446. Wa mama weusi waliozaliwa Afrika, gramu 3,333. Wa mama weusi waliozaliwa Marekani, gramu 3,089. Waliotoka Afrika walikuwa karibu zaidi na weupe kuliko na weusi wenzao. Kama tatizo lingekuwa asili ya Kiafrika, sisi ndio tungekuwa chini kabisa. Utafiti uliofuata ukakuta kwamba kizazi cha pili, mabinti wa wahamiaji hao, nafuu hiyo inawapotea. Kwa hiyo Rehema, akikulia huko, atarithi Marekani zaidi ya Mombasa.

Nusu aliyoikosa ni hii: uzito wa mtoto ni jambo moja, na jinsi mama anavyohudumiwa akipata shida ni jambo lingine. Muuguzi wa zamu haoni cheti chako cha kuzaliwa Kisauni, anaona mwanamke mweusi. Takwimu za kitaifa za mwaka 2023 ni vifo 50.3 kwa kila vizazi hai 100,000 kwa wanawake weusi, na 14.5 kwa weupe. Digrii haimkingi mtu: uchambuzi wa CDC, taasisi ya taifa ya kudhibiti magonjwa, ulikuta kwamba mweusi aliyemaliza chuo kikuu ana hatari mara 1.6 ya mweupe ambaye hata sekondari hakumaliza. Dk. Shalon Irving alikuwa mtafiti wa CDC hiyohiyo. Januari 2017, wiki tatu baada ya kujifungua, alikuwa amekwisha kwenda kliniki mara kadhaa kwa presha, mguu kuvimba na uzito kuongezeka. Alipewa dawa ya presha akarudi nyumbani, jioni akaanguka, na hakupona. Serena Williams, bingwa wa tenisi, Septemba 2017, siku moja baada ya upasuaji, aliishiwa pumzi. Aliwahi kuganda damu mapafuni, kwa hiyo aliomba mwenyewe kipimo cha CT na dawa ya kuyeyusha damu. Muuguzi alidhani dawa za maumivu zimemchanganya. Wakaanza kwa kupima miguu, bure. CT ilipofanywa, mabonge yalikuwepo mapafuni.

Ukiyatazama matukio haya, ugonjwa unajulikana na dawa ipo. Kinachokosekana ni mtu wa kuamini haraka. Kamati zinazochunguza vifo hivi majimboni zilikuta kwamba zaidi ya vinne kati ya vitano vingeweza kuzuilika. Kuchelewa huko kuna vyanzo vingi. Mwaka 2016, kati ya wanafunzi na madaktari wanagenzi weupe waliohojiwa Virginia, nusu waliamini angalau uongo mmoja kuhusu mwili wa mweusi, kwa mfano kwamba ngozi yake ni nene zaidi. Na walioamini hivyo walikadiria maumivu yake kuwa madogo. Hata kile kifaa cha kubana kidoleni kupima oksijeni husoma juu kuliko ukweli kwenye ngozi nyeusi: utafiti wa mwaka 2020 ulikuta kinaukosa upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya weupe. Pumzi ikikatika na kifaa kikaonyesha 94, amini mapafu yako. Tena robo moja tu ya hospitali za Marekani huzalisha robo tatu ya wajawazito weusi, na kwa wastani hizo ndizo zenye matokeo mabaya, hata kwa wazungu wanaojifungulia humo.

Kwa hiyo nenda ukaone wodi ya uzazi kabla ya wiki 30, na uulize mambo ambayo hospitali nzuri hujibu bila kusita. Damu ya mzazi mnaipima kwa mizani au kwa macho? Macho hukadiria chini, lakini pamba iliyolowa ikipimwa, kila gramu iliyoongezeka ni mililita moja, na ikifika mililita 1,000 ni dharura. Presha ya 160 kwa 110 mnaitibu ndani ya dakika ngapi? Daktari wa uzazi analala humo usiku, au anaitwa kutoka nyumbani? Damu ya kuongezea ipo saa 24? California ilisambaza taratibu kama hizi hospitalini, na kati ya mwaka 2006 na 2013 vifo vya uzazi vilishuka kwa zaidi ya nusu. Pengo kati ya weusi na weupe halikufutika, lakini kwa akina mama waliotokwa damu nyingi lilipungua. Utasikia pia ushauri wa kutafuta daktari mweusi. Ukimpata na mkapatana, vizuri. Ila ule utafiti wa Florida uliovuma kwamba watoto weusi huishi zaidi mikononi mwa daktari mweusi ulichambuliwa upya mwaka 2024, na watoto waliozaliwa na uzito mdogo mno walipohesabiwa, tofauti ilikuwa imeyeyuka. Mimi ningejali zaidi ile mizani.

Kurudi Mombasa: mama mkwe anakupenda, na kwake utakula na kulala vizuri kuliko huko. Lakini sensa ya mwaka 2019 ilikadiria vifo vya uzazi Kenya kuwa 355 kwa kila vizazi hai 100,000. Hesabu hazikufanywa kwa njia moja, hata hivyo tofauti ni kubwa mno kuipuuza. Mashirika mengi ya ndege hudai barua ya daktari baada ya wiki 28 na hukataa abiria baada ya wiki 36. Kukaa kwenye kiti karibu siku nzima ukiwa na mimba huongeza hatari ya damu kuganda. Na utafika kwa daktari asiyejua presha yako ya miezi iliyopita. Kama visa inapatikana, mama mkwe ndiye aje.

Kuhusu kusikilizwa. Hapa hasara yetu watu wa pwani ni adabu. Ukiulizwa "hujambo", ulimi unajibu "sijambo" kabla ya kichwa kufikiri, na ukiulizwa maumivu ni ngapi kati ya 0 na 10, unasema 3 kwa sababu mwanamke hapigi kelele. Muuguzi anaandika 3, na hiyo 3 ndiyo inayoamua utahudumiwa wa ngapi. Taja namba unayoihisi kweli. Kisha usianze na habari ndefu, anza na mambo matatu: umri wa mimba au siku tangu ujifungue, tarakimu, na kilichobadilika. "Nina mimba ya wiki 31. Presha nyumbani ni 152 kwa 98, nimepima mara mbili. Kichwa hakijaacha tangu asubuhi na naona vimulimuli." Halafu uliza: "Hii inaweza kuwa nini mbali na uchovu, na mmejuaje kwamba si hicho?" Kwa dalili hizo vipimo ni mkojo wa protini na damu ya kuangalia ini, figo na chembe za kugandisha damu. Vitaje kwa majina.

Wakikataa, sema kwa sauti ya kawaida: "Naomba uandike kwenye faili langu kwamba nimeomba kipimo hiki, kimekataliwa, na sababu yake." Huko si kubishana. Mara nyingi mtu akitakiwa kuandika sababu, hufikiri tena. Wakiendelea kukataa, omba kumwona muuguzi kiongozi wa zamu, kisha daktari bingwa aliye zamu, kisha ofisi ya kutetea wagonjwa. Maneno yakikukimbia, omba mkalimani wa Kiswahili. Hospitali inayopokea fedha za serikali ya Marekani inalazimika kukupa bila malipo, kwa simu au video, na Rehema asitumiwe kutafsiri. (Kwa wasomaji wetu kutoka Bukavu na Lubumbashi: semeni mnataka mkalimani wa Kiswahili cha Kongo, msije mkapewa wa Mombasa mkaelewana nusunusu.) Minnesota, Medicaid (bima ya serikali ya watu wa kipato kidogo) hulipia pia dula, mama msaidizi anayekaa nawe tangu uchungu uanze. Dula hapimi wala hazalishi, lakini anajua nani wa kuitwa na anakumbuka saa mliyomwita. Na mumeo apewe kazi hiyo ya daftari: kila ombi, jina la aliyeombwa, na saa. Ile saa moja ya dawa ya presha anaihesabu yeye.

Sasa arobaini, na hapa nakuomba usome mara mbili. Zaidi ya nusu ya vifo hivi hutokea kati ya siku ya 7 na mwaka mmoja baada ya kujifungua, wakati wageni wanakuja kumwona mtoto. Presha hufika kilele siku ya 3 hadi ya 6 baada ya kuzaa, yaani ukiwa umesharuhusiwa. Kifafa cha mimba kinaweza kuanza hata wiki kadhaa baadaye, kwa mtu ambaye presha yake haikuwahi kupanda. Endelea kupima mara mbili kwa siku. Kama ilipanda wakati wa mimba, unatakiwa uonwe ndani ya siku 7 hadi 10, na kama ilikuwa kali ndani ya saa 72. Usikubali miadi ya wiki ya sita peke yake. Uji wa pilipili manga unywe, kukandwa ukandwe, lakini usilale siku nzima: tembea chumbani kila baada ya saa chache, mabonge ya damu hupenda mguu uliotulia. Mguu mmoja ukivimba, ukawa na joto na kuuma kuliko mwenzake, usikandwe, nenda hospitali. Pedi ikilowa chapa ndani ya saa moja, au ukitoa bonge kubwa kuliko yai, nenda. Joto likifika 38, nenda.

Dalili inayopuuzwa kuliko zote ni ya moyo. Misuli ya moyo inaweza kulegea kuanzia mwezi wa mwisho wa mimba hadi mwezi wa tano baada ya kuzaa, na ugonjwa huu huwapata zaidi wanawake weusi. Mzazi hawezi kulala chali bila kukosa pumzi, anapanga mito mitatu, anakohoa usiku, miguu inazidi kuvimba badala ya kupungua. Kila mtu anamwambia ni uchovu wa mtoto. Kuna kipimo cha damu kinachoitwa BNP na kuna eko ya moyo. Viombe kwa majina hayo. Na mawazo mabaya ya kujidhuru, au kuhisi mtoto si wako, nayo ni dharura ya uzazi: piga 988, simu ya taifa ya Marekani ya msaada kwa wenye mawazo hayo.

Ukifika chumba cha dharura baada ya kujifungua, sentensi ya kwanza mlangoni iwe: "Nimejifungua wiki tatu zilizopita." Iseme, kwa muda wako halisi, hata mwezi wa nane baada ya kuzaa. Wasipojua, watakutibu kama mtu mwenye kichwa tu. Sheria ya mwaka 1986 inawataka wakupime na kukutuliza kwanza, bima baadaye.

Kazini: sheria iliyoanza Juni 2023 inampa mjamzito haki ya kuomba kazi nyepesi na muda wa kliniki kwa mwajiri mwenye wafanyakazi 15 au zaidi. Omba kwa maandishi usiwe unanyanyua wazee peke yako, na ubaki na nakala. Na siku ya miadi ijayo uliza pia wingi wako wa damu. Ukiwa chini ya 10.5 sasa hivi, anza madini ya chuma mapema ili ukitokwa damu uwe na akiba. Vidonge hivyo usivinywe na chai. Vinywe na maji ya machungwa, chai ingoje saa mbili.

Shangazi